Udongo wa Mpwapwa na Ulinzi wa Mali ya Umma

Katika semina zetu kwa makada wapya swali moja hujirudia kila mara: kulinda mali ya umma ni kazi ya nani, ya Serikali au ya wananchi? Wengi hujibu upesi kwamba ni kazi ya wote. Jibu hilo si kosa, lakini halimsaidii kada aliyetumwa kijijini, maana kazi walioachiwa wote bila kuelezwa nani afanye nini huishia kutofanywa na yeyote. Hapa tutalieleza swali hilo kwa mfano wa mali ambayo haiandikwi katika leja ya ofisi yoyote, nayo ni udongo wa wilaya ya Mpwapwa.

Mpwapwa ina nafasi ya pekee katika elimu ya hifadhi ya ardhi. Katika miaka ya 1930, wataalamu wa kituo cha mifugo cha hapo walitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko mdogo, wakapima maji na udongo unaochukuliwa na mvua. Kipande kilichoachwa kitupu kilipoteza karibu nusu ya mvua yote iliyonyesha, na pamoja nayo takriban tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Kipande kilicholimwa nafaka kilipoteza kama robo ya mvua, na udongo takriban tani 78. Penye kichaka kisicholishwa mifugo, maji yaliyotiririka hayakufika hata asilimia moja, na udongo haukuondoka. Ardhi ni ile ile na mvua ni ile ile. Kilichotofautiana ni matumizi tu.

Udongo huo huenda wapi? Huteremka kwenye makorongo mpaka mto Kinyasungwe, hupita Gulwe na Godegode, kisha huingia bonde la Kilosa ambako mto huitwa Mkondoa. Katika bonde hilo hilo imepita Reli ya Kati. Mchanga ukijaza mkondo, mto hupanda juu na kutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni tuta la reli. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu vibaya njia kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Aliyeumia ni abiria wa Kigoma na Tabora, ni mfanyabiashara mdogo wa Mwanza, na ni hazina ya Taifa iliyolipia matengenezo.

Sasa tuutazame ukinzani uliomo. Mfugaji anayechunga mbuzi wake juu ya Gulwe, au mama anayechoma mkaa ili apate ada ya shule, hamdhuru abiria wa Kigoma kwa makusudi. Huenda hata treni hajawahi kuipanda. Anatumia kilicho karibu naye kwa sababu mvua za Mpwapwa ni za msimu mmoja, na uwele ukikauka shambani hana ghala jingine. Anayeikata miti hupata faida leo. Hasara humwangukia mtu wa mbali baada ya miaka. Ni dhahiri kwamba kijiji kimoja peke yake, hata kingekuwa na watu wema namna gani, hakiwezi kulitatua jambo hili. Lazima kiwepo chombo kinachoutazama mto wote tangu chanzo mpaka mwisho, na chombo hicho ni Serikali. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 27, imempa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili na mali inayomilikiwa na wananchi kwa pamoja.

Lakini mamlaka ya kuamuru si sawa na uwezo wa kulinda. Wakoloni waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kitaalamu matuta si jambo baya. Hata hivyo, mwaka 1955 wananchi wa Uluguru waliandamana huko Matombo kuyapinga, na mpango ule ukavunjika. Waluguru walijua thamani ya udongo. Walichokataa ni kutumikishwa katika ardhi yao wenyewe na utawala usiowasikiliza.

Baada ya Uhuru tulipata fundisho jingine, gumu zaidi kwa sababu lilitoka mikononi mwetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika, kilometa za mraba 1,256, na mwaka 1986 ikaondolewa Mvumi. Majani na miti ilirudi; asiyekubali hilo hasemi kweli. Lakini kaya iliyopoteza maziwa, samadi na akiba yake ya ng'ombe ndiyo iliyobeba gharama, na ulinzi ukawa wa askari. Mradi ulipokwisha katika miaka ya 1990, mifugo ilianza kurejea sehemu kadhaa. Wananchi waliouona mlima kuwa ni wa mradi hawakuwa na sababu ya kuulinda baada ya mradi.

Nchi ya Niger inatufunza jambo hilo hilo kwa upande wa pili. Huko mti uliosimama shambani mwa mkulima ulihesabiwa kuwa ni mali ya dola. Mkulima akaung'oa mche mapema usije ukamletea matatizo. Tangu miaka ya 1980, wakulima walipoanza kuitunza miche inayochipua kwenye visiki, na maofisa walipolegeza mkono, mamilioni ya hekta yalipata miti tena. Njia hiyo sasa inatumika Dodoma, Mpwapwa ikiwamo, kwa jina la Kisiki Hai: mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, huyawekea alama na kuyalinda. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mkulima awe na hakika kwamba mti ni wake.

Hapo ndipo sheria zetu za vijiji zinapopata maana. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kijiji kinaweza kujitungia sheria ndogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini tu, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli. Tunasikitika kusema kwamba mara nyingi mkutano huo huitwa kutangaziwa tu. Kiongozi anayetoza faini ya mbuzi bila stakabadhi, au anayefumba macho lori la mkaa likipita usiku, anaugeuza mlima kuwa shamba la bibi, na wananchi humwiga upesi kuliko wanavyousikia mhadhara wetu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kukemea uongozi wa namna hiyo.

Linabaki suala ambalo tusiwafiche wanafunzi wetu. Anayeacha kuchunga mlimani anaiokolea reli gharama, naye analipwa nini? Maoni yetu ni kwamba sehemu ya fedha zinazotumika kuzoa mchanga kule chini ingetumika huku juu, kwa malambo, majani ya malisho na majiko yanayotumia kuni kidogo. Bila hivyo tunamwomba maskini amfadhili abiria. Kwa hiyo kada anayekwenda vijiji vya juu ya Gulwe asianze na orodha ya faini. Aanze kwa kutembea korongoni pamoja na wafugaji, wahesabu mifugo inayotegemea mlima ule na miezi ambayo malisho hukosekana, kisha hesabu hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu kabla sheria ndogo haijaandikwa, na nakala yake ipelekwe wilayani pamoja na ombi la lambo.