Bakteria wa mtindi na meno yenye nyaya

Vijana wanaovaa nyaya za kunyoosha meno, pamoja na wazazi wao, wamekuwa wakihimizwa kununua vidonge vya kumumunya na mtindi wenye bakteria hai, kwa matumaini kwamba meno hayataharibika wakati wa matibabu. Ushahidi wa kisayansi uliopo haujathibitisha matumaini hayo.

Matibabu ya nyaya kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Vishikizo vidogo vya chuma au kauri hubandikwa kwenye meno, kisha waya hupitishwa humo ili kuyavuta polepole. Kila kishikizo huacha pembe ambazo ulimi na mate haviwezi kuzisafisha, na ambazo mswaki huzifikia kwa shida. Hapo ndipo ukoga hujijenga. Ndani ya ukoga huo bakteria, wakiwemo waitwao Streptococcus mutans, hugeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi huyeyusha madini ya tabaka gumu la nje la jino. Dalili ya kwanza ni doa jeupe mfano wa chaki pembeni mwa kishikizo. Doa hilo laweza kujitokeza katika muda wa wiki nne tu, lakini aghalabu mgonjwa hulibaini siku nyaya zinapoondolewa: meno yamenyooka, ila yana alama.

Fikra ya kutumia bakteria dhidi ya bakteria si ngeni. Elie Metchnikoff, mzaliwa wa himaya ya Urusi aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alishikilia kuwa bakteria wa maziwa ya mgando wana manufaa kwa binadamu. Yeye lakini alizungumzia utumbo. Kinywani, bakteria hao, ambao kitaalamu huitwa probiotiki, wanatarajiwa kugombea nafasi na chakula na wale waharibifu.

Mwaka 2009 watafiti nchini Uturuki waliwapa vijana 24 wenye nyaya gramu 200 za mtindi wa matunda kila siku kwa wiki mbili. Mtindi wenye probiotiki ulipunguza bakteria wa mutans katika mate, ilhali mtindi wa kawaida haukufanya hivyo. Matokeo hayo yalinukuliwa sana. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti mwingine, safari hii wa wagonjwa 85 waliofuatiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Baadhi yao walitumia vidonge vyenye bakteria aina ya Lactobacillus reuteri, wengine vidonge visivyo na kitu. Madoa meupe hayakutofautiana baina ya makundi hayo mawili.

Tafiti hizo hazipingani. Ule wa kwanza ulihesabu bakteria, wa pili ulitazama meno yenyewe, na mgonjwa anachotaka kunusuru ni jino. Isitoshe, probiotiki kwa kawaida hazifanyi makazi ya kudumu kinywani. Mtu akiacha kuzitumia, hutoweka. Vilevile faida ya aina moja ya bakteria haiwezi kudhaniwa kuwa ya aina nyingine.

Mtindi, maziwa lala, au laban inayonywewa Oman na kwingineko Ghuba, ni chakula chema chenye kalisi, na mwenye nyaya hana sababu ya kuviacha. Lakini mtindi wa matunda unaouzwa madukani mara nyingi hutiwa sukari, yaani chakula kile kile cha bakteria wanaotoboa meno. Ni vyema kusoma kibandiko cha kopo. Watu wenye kinga dhaifu ya mwili wanapaswa kumuuliza daktari kabla ya kutumia vidonge vya probiotiki.

Kinga yenye ushahidi madhubuti zaidi ni floraidi: kupiga mswaki angalau mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye madini hayo, kutema povu bila kusukutua kwa maji, na kupitisha brashi ndogo chini ya waya. Mwongozo wa afya ya kinywa wa Uingereza unaongeza dawa ya kusukutua yenye floraidi kila siku kwa wenye nyaya waliotimiza miaka 8, itumiwe wakati tofauti na ule wa kupiga mswaki. Doa jeupe likigunduliwa mapema, madini yanaweza kurejea kwa kiasi fulani na uharibifu ukasimama. Likishakuwa tundu, jino litahitaji kuzibwa.