Kombe ni la mpandaji, na saisi je?

Msimu wa mbio za masafa marefu za farasi hapa Ghuba huanza joto linapovunjika, na humalizika kabla jua halijarudi na ukali wake. Kila msimu ukikaribia kufungwa, picha zinazosambaa kwenye simu zetu ni za aina moja: kijana juu ya farasi, kombe mkononi, bendera mabegani. Picha hizo nazipenda, wallahi, hasa kijana akiwa wa kwetu. Lakini nyumba yetu imeingia kwenye mchezo huu miaka kadhaa sasa, kupitia mtoto wa kaka yangu, na mie nimezoea kuwatazama zaidi wale wanaokatwa pembeni ya picha. Hao ndio nataka tuwazungumze leo.

Kwa ambao hamjawahi kwenda, nieleze kidogo. Waarabu wenzetu wanaziita sibaq al-qudra, na neno hilo sisi tunalo kwenye Kiswahili chetu, kudra. Si mbio za dakika mbili tatu, watu wakapiga makofi wakaondoka. Ni kilomita 80, 100, 120, na kubwa kabisa ni 160 kwa siku moja, kama zile za Kombe la Rais kule Al Wathba, Abu Dhabi. Njia hugawanywa mizunguko. Kila mzunguko ukiisha, farasi anarudi kambini, anamwagiwa maji, kisha anapelekwa kwa daktari wa wanyama.

Hapo ndipo mbio zenyewe zilipo. Kwa sheria za shirikisho la kimataifa, mapigo ya moyo yanatakiwa yashuke mpaka 64 kwa dakika au chini yake, ndani ya muda uliowekwa. Daktari anasikiliza tumbo kama linafanya kazi. Anabana ngozi ya shingo aone inarudi upesi au inachelewa, maana ikichelewa farasi amekaukiwa na maji. Halafu farasi anakimbizwa mbele na kurudi. Akichechemea, khalas, siku yake imekwisha, hata kama alifika wa kwanza. Akipita, anapumzika muda uliopangwa, ndio arudi njiani.

Sasa nani anayemfikisha farasi hapo akiwa mzima? Mpandaji ana sehemu yake, simnyimi haki. Lakini kuna wanaokimbia na gari pembeni ya njia na chupa za maji. Kuna anayeshika saa. Kuna mpiga kwato, ambaye msumari wake mmoja ukikaa vibaya, kazi ya miezi inaharibika. Kuna madaktari wanaosimama juani tangu alfajiri. Na juu ya wote hao kuna saisi, anayelala karibu na zizi na kujua farasi gani hakumaliza chakula chake jana usiku.

Wetu ni mzee wa Kisudani. Vijana wanamwita ami, naye anawaita wanangu. Kabla kile kipimo cha moyo hakijawekwa, yeye huwa ameshamgusa farasi kwa vidole viwili na kukwambia namba. Anakosea mara chache sana.

Misimu miwili nyuma, kwenye mbio za kilomita 120, mtoto wetu alikuwa wa tatu baada ya mzunguko wa tatu. Farasi alipita kwa daktari, kila kitu sawasawa. Wakati wa mapumziko yule mzee akamwekea maji, farasi akayanusa tu. Akamwekea majani mabichi, akashika kidogo akaacha. Mzee akasimama, akamwambia kijana, "Mwanangu, leo basi."

"Basi vipi, ami? Amepita!"

"Amepita, ndio. Lakini mimi namjua. Ukimrudisha njiani sasa, atakupa alichonacho chote, na hatabaki na cha kwake."

Kijana alimtazama baba yake. Kaka yangu akasema mwenye neno ni mzee. Wakajitoa. Hakuna kombe, hakuna picha, na njia nzima ya kurudi nyumbani kijana hakufungua mdomo. Usiku ule farasi aliumwa tumbo, daktari akaja, akatibiwa, akapona. Msimu uliofuata farasi huyohuyo alimaliza mbio tatu.

Nauliza basi: siku ile, nani aliyefanya kazi kubwa kuliko wote uwanjani? Na kwenye karamu za kufunga msimu, jina la mtu kama huyo husomwa?

Naona jambo hili si la adabu peke yake. Jamii inapata kile inachokitukuza. Ukitukuza kasi tu, utaletewa kasi, na farasi ndiye atakayelipa. Ghuba tumeliona hilo. Machi 2015 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi lilisimamisha shirikisho la Imarati kwa sababu ya malalamiko juu ya hali ya farasi kwenye mbio hizi, na mpaka Julai mwaka huo ndipo likarudishwa. Ilikuwa aibu kwetu sote tunaoupenda mchezo huu, maana huyu anayekimbia zaidi kwenye masafa marefu duniani ni farasi wa Kiarabu, tuliyeachiwa na wazee wetu.

Na palepale Imarati kuna mtu aliyeonyesha njia nyingine. Marehemu Sheikh Sultan bin Zayed Al Nahyan, aliyefariki Novemba 2019, aliweka masharti yake mwenyewe kwenye kijiji cha mbio cha Bouthib, Abu Dhabi. Mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa. Mapigo ya moyo yashuke mpaka 56, si 64. Na zawadi zifuate hali ya farasi, si nani kafika mwanzo peke yake. Hakuhubiri sana. Alibadilisha kinachotukuzwa, na waliokuja kwake wakapanda kwa namna nyingine.

Tuvuke bahari kidogo, kwani kuna watu wa mchezo huu wenye mila nzuri ya kuenziana. Mwaka 1955, huko California, bwana mmoja aitwaye Wendell Robie na wenzake wachache walitoka upande wa Ziwa Tahoe mpaka mji wa Auburn, maili 100, ambazo ni kilomita 160 za milima na mabonde. Alitaka kuonyesha kwamba farasi wa siku hizi bado anaweza kuzimaliza ndani ya siku moja. Yeye alipanda farasi wa Kiarabu. Mbio hizo, Tevis Cup, zipo mpaka leo, na kila anayemaliza ndani ya saa 24, farasi wake akiwa mzima, anapewa bizimu ya mkanda ya fedha. Wa kwanza anapata, na wa mwisho anapata. Tangu 1964 kuna na kombe la pili, Haggin Cup, kwa farasi aliye katika hali bora kuliko wote miongoni mwa kumi wa mwanzo. Hukaguliwa kesho yake asubuhi, jasho likishakauka.

Chama chao cha kitaifa kilianzishwa 1972, na msemo wao ni kwamba kumaliza ndiko kushinda. Wana tuzo ya mpandaji na farasi waliokaa pamoja kwenye mbio miaka kumi. Wana orodha ya heshima ambayo anaingizwa mtu, na farasi pia anaingizwa. Humo yumo Bibi Julie Suhr, aliyemaliza Tevis mara 22 na kuchukua Haggin Cup mara tatu. Binti yake, Barbara White, akamfuata na kumaliza zaidi ya mara 30. Mtu hafiki hesabu hiyo kwa kuchosha farasi. Anafika kwa kujua lini pa kusema basi, kama alivyosema mzee wetu.

Farasi wa kwetu walifika huko zamani. Mwaka 1840 Sayyid Said alipeleka jahazi lake, Sultanah, mpaka New York, na ndani yake mlikuwa na farasi wawili wa Kiarabu, zawadi kwa Rais wa Marekani. Jina la mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, tunalijua na picha yake iliyochorwa tunaiona. Lakini karibu miezi mitatu ya bahari kutoka Unguja, nani aliwanywesha maji wale farasi? Nani aliwashika mawimbi yalipopanda? Jina lake hatulitaji. Ndivyo ilivyo kazi ya saisi. Ikifanyika vizuri, watu huona farasi tu.

Wapo watakaonambia, "Yakhe, hao wanalipwa mshahara." Kweli, na mshahara wao ulipwe kwa wakati, hiyo ndiyo heshima ya kwanza kabla ya ngao na vyeti. Wapo watakaosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mie sijaona saisi aliyeharibika kwa kushukuriwa. Niliowaona wakikata tamaa ni wale waliokaa miaka zizini bila mtu kuwauliza jina la baba yao.

Mwaka jana nyumba yetu na nyumba nyingine nne tunazokwenda nazo mbioni tulikula pamoja baada ya mbio za mwisho. Bi mkubwa wetu, ambaye maisha yake hajapanda farasi, ndiye aliyesema makombe yakae chini ya meza mpaka wasomwe watu. Basi wakasomwa: mpiga kwato, dereva wa maji, binti wa jirani anayeandika saa za kila mzunguko, kijana wa Kihindi anayelisha. Kila mmoja jina lake kamili, la baba, na mji anaotoka, na neno moja la kitu alichokifanya. Wala si "ahsante kwa juhudi zako", bali kitu chenyewe, siku gani, farasi gani. Mzee alipoitwa, aliyesimama kumsomea ni mtoto wa kaka yangu. Alisoma siku ile ya kilomita 120, tangu maji yaliyonuswa mpaka daktari wa usiku. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema yule farasi maji ya baridi hayapendi, mwakani tukumbuke kuyaacha juani kidogo.

Msimu huu unafungwa karibuni. Wenye farasi na wenye vijana wanaopanda, kaeni na watoto leo usiku muandike majina. Mkikwama kwenye jina la baba au mji wa mtu, kesho mwendeeni zizini mumuulize.