Wachongaji wa Changamwe

Vinyago vingi vinavyouzwa nyuma ya Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza hapa Kampala hutoka Kenya. Huko Changamwe, Mombasa, wachongaji Wakamba waliunda ushirika wao mwaka 1963. Kila mwanachama ana namba yake, nayo huwekwa kwenye kinyago ili kikiuzwa fedha zimfikie. Vibandani mmoja hutoa umbo kwa tezo, mwingine hupiga msasa. (Nasi walimu hupiga msasa insha!)

Mpingo na muhugu vilipoadimika, kuanzia miaka ya 1990 wachongaji walihimizwa kutumia mwarobaini, ambao hukua haraka. Taabu yake ni kwamba usipokaushwa vizuri hupasuka, pengine kinyago kikiwa tayari mikononi mwa mnunuzi.