Manju na umati wake

Katika mkoa wa Simiyu, unaosifika Tanzania kwa kilimo cha pamba, umaarufu una msimu wake. Mvua za Novemba zikianza, hakuna anayejali nani anaimba vizuri. Watu huulizana wamelima eka ngapi. Ni baada ya mavuno, kuanzia Juni, ngoma zinapotoka uwanjani na manju, yaani kiongozi wa waimbaji, kuanza kutafuta jina.

Wasukuma wa huku wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu. Inasimuliwa kwamba vilianza karne ya 19 kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishania nani mwenye dawa kali zaidi. Ngoma mbili hupigwa kwa wakati mmoja, jirani kabisa, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi. Kwa hiyo manju huona kwa macho yake anavyopendwa, na huona vilevile anavyoachwa. Upande wa pili ukikolea, watoto ndio wa kwanza kukimbia, kina mama wenye vichanga mgongoni wanafuata, na punde vumbi lote limehamia kule. Hapo manju hubadili wimbo, huwaamuru wachezaji warushe majembe juu na kuyadaka, au humtoa chatu. Wapo wanaokuja na dawa ya kuvuta watu, na nyingine ya kujikinga na mahasimu.

Gharama yake si ndogo. Jina lako litaimbwa kwa kejeli mbele ya wakwe zako, na utaanza kuogopa hata chakula cha jirani. Hata hivyo, naamini umaarufu wa namna hii unastahili kutafutwa, kwa sababu wanaomshangilia manju wanamfahamu. Wanajua kama shamba lake limepaliliwa na kama analipa madeni. Msimu ukiisha anarudi kushika jembe pamoja nao, wala hakuna anayesema ameporomoka.

Wanaosifu maisha ya kimya nao wanasahau jambo. Kimya cha mkulima wa pamba hakikuwa amani siku zote. Wakati wa ukoloni wakulima wa Kanda ya Ziwa walipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, na kunyamaza hakukuwaongezea hata ratili moja. Paul Bomani alijulikana kwa kuwaunganisha katika ushirika. Mwaka 1955 vyama vyao vikawa Victoria Federation of Co-operative Unions, na baadaye Bomani akawa waziri na balozi. Watu walilijua jina lake kwa sababu ya ile mizani.

Ninachokiogopa ni kijana wa Bariadi, hapa Simiyu, kuaminishwa kwamba pasipo kiki hana thamani. Anauza ng'ombe wa nyumbani, anapanda basi la Dar es Salaam, analipia studio na video, kisha anakesha akihesabu watazamaji kwenye simu, watu asiowajua na wasiomjua. Wakimhama, hawaoni wakiondoka. Hana hata nafasi ya kubadili wimbo. Na huku nyumbani Novemba imefika, shamba la baba yake linalimwa na wadogo zake. Kuimba aimbe, tena asikike hadi Dar. Lakini kwanza aimbe hapa, Juni, mbele ya Wagika na Wagalu, ng'ombe wakiwa bado zizini.