Kuunganisha Operesheni Kadhaa Baada ya Kupungua Mwili: Nini Hukumu Yake?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Miongoni mwa masuala mapya yanayowafikia maimamu na walimu wetu ni la mtu aliyekuwa mnene kwa kiasi cha maradhi, akajitahidi, akapungua sana, kisha akabaki na ngozi iliyolegea na kuning'inia. Daktari humwambia kuwa ngozi hiyo hairudi kwa mazoezi wala kwa dawa ya kupaka, bali huondolewa kwa kisu. Na kwa kuwa imelegea mahali pengi, tumboni, mikononi, mapajani na kifuani, huja swali la pili: je, zifanyike operesheni zote kwa siku moja, au moja baada ya nyingine?

Wapo wanaolijibu suala hili kwa neno moja. Huyu husema: "Ni kubadilisha maumbile, haramu." Yule husema: "Ni tiba, halali." Majibu yote mawili yana upungufu, kwani yamelichukua fungu la operesheni kuwa kitu kimoja. Ukweli ni kuwa kila operesheni ina hukumu yake, na kuziunganisha nako kuna hukumu yake peke yake.

TULIFAHAMU TATIZO KWANZA

Haifai kutoa hukumu juu ya jambo kabla ya kulifahamu. Ngozi iliyotanuka kwa miaka mingi hupoteza uwezo wa kujirudi. Mtu akipungua kilo 40, 50 au zaidi, iwe kwa kujizuia kula, kwa dawa, au kwa operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula, mafuta huondoka na ngozi hubaki. Mikunjo yake hukusanya jasho, huota fangasi, huchubuka na kutoa vidonda na harufu. Wapo ambao ngozi ya tumbo hushuka hadi mapajani, ikawazuia kutembea vizuri na hata kujisafisha.

Mwanafunzi wa fiqhi atakumbuka hapa kuwa Imam An-Nawawi, katika Minhaj at-Talibin, alipoeleza josho lililokamilika alitaja kuichunga mikunjo ya mwili, na washereheshaji wakatolea mfano mikunjo ya tumbo. Kufikisha maji kwenye ngozi yote ya nje ni faradhi ya josho. Basi tusiharakishe kumdhania muulizaji kuwa shida yake ni kioo tu. Huenda shida yake ni vidonda, na huenda ni tohara yake.

HUKUMU YA KILA OPERESHENI PEKE YAKE

Asili ya tiba ni kuruhusiwa. Katika hadithi ya Usama bin Sharik (RA), waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (SAW) aliwaamrisha watu watafute dawa, na akaeleza kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa ila uzee. Na kurekebisha kasoro iliyompata mtu kuna dalili mahususi: Swahaba Arfaja bin As'ad (RA) alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya, akaweka pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (SAW) akamwamuru aweke ya dhahabu. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, lakini haja ya Arfaja ilizingatiwa.

Upande wa pili, aya ya 119 ya Suratun Nisaa inataja kubadilisha maumbile ya Allah kuwa ni katika amri za shetani. Na Ibn Mas'ud (RA), katika hadithi ya Bukhari na Muslim, amepokea laana kwa wanaochanja mwili, wanaonyonyoa nyusi na wanaochonga meno kwa ajili ya uzuri. Imam An-Nawawi, akiisherehesha hadithi hiyo, alibainisha kuwa lililoharamishwa ni lile linalofanywa kutafuta uzuri. Ama likihitajika kwa tiba au kwa kuondoa kasoro ya jino, hapana ubaya.

Mwezi Julai mwaka 2007, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ilikutana Putrajaya, Malaysia, na katika azimio lake namba 173 ikaruhusu operesheni ya kurudisha kiungo katika hali yake au kazi yake, na ya kuondoa kasoro inayomletea mtu adha ya mwili au ya nafsi. Ikakataza ile ambayo haina lengo la tiba, bali kufuata matamanio na kuiga wengine. Vilevile iliruhusu kupunguza uzito kwa operesheni pale uzito unapokuwa ni maradhi, isipopatikana njia nyingine, na kwa sharti la kusalimika na madhara.

Tukiipima hali yetu kwa mizani hiyo, kukata ngozi ya tumbo inayotoa vidonda ni tiba. Ngozi ya mapaja inayosuguana mpaka ikachubuka, hukumu yake ni hiyo hiyo. Ngozi ya mikono iliyoning'inia kupita kawaida ni kasoro iliyozuka, nayo inaingia katika ruhusa ikiwa inaleta adha ya kweli. Lakini mtu akisema, "Maadamu nimelala mezani, niinulieni na mashavu, na kifua kiwe kama cha msichana," hapo ametoka kwenye kuondoa adha na kuingia kwenye kutafuta uzuri. Hata pale jambo linaporuhusiwa kwa dharura, wanavyuoni wanalipima kwa kiasi cha dharura hiyo. Ruhusa ya tumbo haibebi mashavu.

HUKUMU YA KUZIUNGANISHA

Tuseme operesheni mbili au tatu zote zimeruhusiwa. Je, zifanywe pamoja? Hapa wa kuulizwa kwanza ni daktari, kisha fakihi hujenga juu ya maneno yake.

Kuunganisha kuna faida: dawa ya usingizi mara moja, kulazwa mara moja, gharama kupungua, na awra kufunuliwa mara moja. Lakini kuna madhara pia. Saa za kulala mezani huongezeka, damu inayopotea huwa nyingi, mwili hupoa, na hatari ya damu kuganda miguuni kisha kwenda kwenye mapafu huzidi, nayo huweza kuua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015, uliowaangalia watu zaidi ya 25,000 waliokatwa ngozi ya tumbo kwa sababu mbalimbali, ulionesha kuwa waliofanyiwa operesheni hiyo peke yake walipata madhara makubwa kwa asilimia 3.1. Wale waliounganishiwa na kunyonywa mafuta pamoja na operesheni nyingine ya kurekebisha umbo, asilimia ilifika 10.4.

Aya ya 195 ya Suratul Baqara inakataza kujitia katika maangamizi, na aya ya 29 ya Suratun Nisaa inakataza kuziua nafsi. Kwa hiyo kuunganisha kunafaa pale daktari mwaminifu na mjuzi anapoona kuwa mgonjwa huyu, kwa afya yake, ataivumilia kazi hiyo na madhara hayatazidi maslahi. Kama dhana yenye nguvu ni kuwa madhara yatazidi, kuunganisha hakufai, hata kama kila operesheni peke yake ni halali. Mambo mawili halali yanaweza kukusanywa kwa namna iliyokatazwa.

Kupunguza gharama ni maslahi, lakini hakuutangulii uhai. Tunalisema hili kwa sababu wapo ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaosafiri kwenda India au Uturuki kutibiwa, wakataka kila kitu kimalizwe kwa safari moja. Kisha hupanda ndege kabla ya kupona, na kukaa kwenye kiti saa nyingi ni katika mambo yanayozidisha kuganda kwa damu. Tena madaktari husubiri uzito utulie kwa miezi kadhaa, na hupima damu na lishe, kwani aliyepungua sana huenda hana protini ya kutosha kuponya jeraha moja, seuze matatu. Anayekubali kukata bila ya kupima hayo, na akumbuke hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Nasai: mwenye kujitia utabibu bila ya kujulikana kwa ujuzi huo atabeba dhamana.

IBADA ZA MGONJWA

Operesheni ndefu huweza kuanza asubuhi na kumalizika baada ya Alasiri kutoka. Mgonjwa amuulize daktari muda mapema. Anayepitwa na Swala akiwa katika usingizi wa dawa ataikidhi akizindukana. Kuhusu kuchanganya Swala kwa ajili ya maradhi, kauli mashuhuri ya madhehebu ya Shafii hairuhusu, Mahanbali wanaruhusu, na Imam An-Nawawi aliiona kauli ya kuruhusu kuwa na nguvu.

Bandeji ya tumboni na mapajani haigusi udhu, itahusu josho. Bandeji ya mkono ikifika kwenye kiwiko itahusu vyote viwili. Kwa Mashafii, ataosha palipo pazima, atapaka maji juu ya bandeji, na atatayamamu kwa ajili ya sehemu iliyojeruhiwa. Damu inayotoka kwenye mrija wa jeraha haitengui udhu kwa Mashafii, ila ni najisi. Kwa Mahanafi inatengua.

Aliyekatwa tumbo husimama ameinama kwa siku kadhaa. Akiwa amekatwa na mikono siku hiyo hiyo, hana hata pa kujiegemezea kwenda sijda. Huyu atafuata maelekezo aliyopewa Imran bin Husayn (RA) katika hadithi ya Bukhari: aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Swala haimwondokei.

Kuhusu awra, azimio namba 81 la Majmaa hiyo hiyo, la mwaka 1993 nchini Brunei, linamtanguliza daktari mwanamke Mwislamu kwa mgonjwa mwanamke, kisha mwanamke mwaminifu asiye Mwislamu, kisha mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume asiye Mwislamu. Na kifunuliwe kinachohitajika tu.

NASAHA KWA MAIMAMU

Ndugu imamu, akikujia muulizaji wa aina hii, usimcheke wala usimfukuze, kwani huenda amebeba aibu kwa miaka. Mwombe azitaje operesheni moja moja, na kila moja aeleze inaondoa adha gani. Kisha muulize: daktari amesema nini kuhusu kuziunganisha kwako wewe, si kwa mwingine? Kama hajauliza, fatwa ingoje na arudi kwa daktari. Katika hadithi ya Jabir (RA) aliyoipokea Abu Dawud, mtu aliyejeruhiwa kichwani aliambiwa na wenzake kuwa hana ruhusa ya kutayamamu; akaoga, akafa. Mtume (SAW) aliwalaumu vikali kwa kujibu bila ya elimu, na akaeleza kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Kama ambavyo kuzuia kwa kutojua kuliua, kuruhusu kwa kutojua kunaweza kuua pia.

Tunamwomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, na atupe sote elimu yenye manufaa. Wallahu a'lam.