Kompyuta Inayozimika Katikati ya Kufomati

Kompyuta ikizimika wakati diski inafomatiwa, lawama huangukia diski. Inang'olewa, inanunuliwa nyingine, na kesho yake mashine inazimika vilevile. Inauma kuona mtu ametoa pesa ya diski mpya wakati kilichohitajika ni kusafisha feni.

Fomati ya haraka haiigusi diski nzima. Inaandika upya orodha ya mafaili, kazi ya sekunde chache, na data za zamani zinabaki zilipo mpaka zije nyingine za kuzifunika. Fomati kamili ni kazi nzito mno. Tangu Windows Vista, inaandika sifuri katika kila sekta, na diski ya terabaiti 1 yenye sekta za baiti 512 inazo karibu bilioni 2. Kwa mwendo wa megabaiti 120 kwa sekunde, ni zaidi ya saa 2 mfululizo, sahani zikizunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika na joto likipanda. Mlima haumpi mtu ugonjwa wa moyo, unaufichua tu. Ndivyo ilivyo fomati kamili kwa mashine yenye udhaifu.

Kwa hiyo fundi makini huanza kwa kuuliza: inazimika vipi, na ikifika wapi?

Diski mbovu kwa kawaida haizimi mashine. Ikikuta sekta iliyoharibika inarudia kuihangaikia, nawe unaona asilimia zimeganda huku taa ya diski ikiwaka moja kwa moja, hadi ujumbe wa hitilafu utokee. Anza upya. Ikiganda tena kwenye 37 ileile, ubovu uko kwenye diski. Ikikatika leo kwenye 12 na baadaye kwenye 60, tafuta kwingine. Tega sikio pia: mlio wa tak, tak, tak unaorudi kwa vipindi sawa ni vichwa vya kusomea vinavyoshindwa kupata njia yao, na diski ya namna hiyo izimwe papo hapo.

Mashine ikikata ghafla kama umeme umekatika, shuku joto au pawa saplai. Chomoa waya wa umeme, fungua boksi, utazame chini ya feni ya prosesa. Katika mashine iliyofanya kazi miaka bila kufunguliwa, vumbi hushikana likawa blanketi la kijivu kati ya feni na mapezi ya alumini, hewa isipite hata kidogo. Kisha kagua kapasita kwenye ubao mkuu: kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kilichovimba, au chenye ute wa kahawia uliokauka juu yake, kimekwisha.

Skrini ya buluu inanipeleka kwenye RAM kwanza. Programu ya kuipima, MemTest86, huwashwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijaanza, na kosa moja tu linatosha kukutia wasiwasi. Acha kipande kimoja cha RAM, jaribu, kisha ubadilishe na kingine. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, maana hutajua kipi kilichoponya.

Diski ya nje ina shida yake: tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, na baadhi ya diski zinahitaji zaidi ya hapo. Ihamishie tundu jingine linalotoa zaidi, tena bila waya mrefu.

Diski yenyewe nayo huweka kumbukumbu za afya yake, ziitwazo SMART, na programu ya CrystalDiskInfo inazisoma. Idadi ya makosa ya CRC, yaani ya data kuharibika njiani, ikiendelea kupanda, badilisha waya wa SATA kabla ya kingine chochote. Ni wa bei ndogo. Sekta zinazosubiri uamuzi zinaweza kupungua baada ya fomati kamili, kwa sababu diski ikishindwa kuziandika huzihamishia kwenye akiba. Ila sekta zilizohamishwa zikiongezeka kila unapofomati, usiiamini tena diski hiyo.

Na kama ndani yake kulikuwa na picha za harusi zisizo na nakala, usirudie fomati kamili. Iliyokatika asilimia 37 imefuta takriban sehemu hiyo ya mwanzo. Data zilizo mbele yake bado zinaweza kuokolewa, mradi diski nzima inakiliwe kwanza kwenye diski nyingine iliyo nzima, na kazi ya kutafuta mafaili ifanyike kwenye nakala.