Kunena Kunafunzwa: Wito wa Klabu ya Hotuba kwa Wanafunzi wa Bangwe

Shule zetu hutahini kusoma, hutahini kuandika na hutahini hesabu, lakini kunena mbele za watu, jambo ambalo kila mtu mzima hulihitaji katika posa na katika matanga, katika mkutano wa mtaa na mbele ya hakimu, huachiwa kila mtoto alipate kwa bahati yake. Matokeo yake ni dhahiri: kijana mwenye maarifa tele husimama mbele ya hadhara, akaviangalia vidole vya miguu yake, na maneno yote aliyotoka nayo nyumbani yakamtoroka.

Kwa watoto wa Bangwe, na wa mitaa mingine ya Kigoma na Ujiji, uzito huo ni maradufu. Aghalabu mtoto huamkiwa nyumbani kwa Kiha au Kibembe, hucheza na kutumwa dukani kwa Kiswahili, na afikapo kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hajapata kuitumia hata kuombea maji ya kunywa. Hapo ndipo yule aliyekuwa mwepesi wa kujibu darasa la saba hugeuka bubu, na mwalimu akamdhania kuwa mzito wa akili. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini kimya cha darasani mara nyingi ni hofu tupu, na hofu hiyo haiondoki ila kwa mazoezi.

Mazoezi hayo si mageni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alijibizana kwa beti na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama. Na Mathias Mnyampala, baada ya Azimio la Arusha la 1967, aliieneza ngonjera, ambayo imewasimamisha jukwaani watoto wa shule wasiohesabika. Mwalimu Nyerere naye, alipokuwa mwanafunzi Tabora, mji ulio katika reli hiyo hiyo ya Kati inayokoma Kigoma, alishiriki katika midahalo ya shule. Na mwezi wa Machi 1955 akasimama New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kuieleza dunia haja ya Tanganyika. Ng'ambo, Ralph Smedley alianzisha klabu ya Toastmasters katika mji wa Santa Ana, California, mwaka 1924, nayo imeenea duniani kwa kanuni nyepesi: kila asemaye hupimiwa muda, na kila aliyekwisha kusema hupewa nasaha na mwenzake mbele ya wote.

Kanuni hiyo haihitaji fedha. Chatosha chumba cha darasa baada ya vipindi, saa moja kwa juma, mwalimu mmoja mwenye subira awe mlezi, na wanafunzi ishirini hivi. Mwenyekiti, katibu na mtunza muda wabadilishwe kila mkutano, ili kila mmoja aonje dhima ya kuongoza. Ziwepo hotuba mbili au tatu zilizotayarishwa, za dakika tano kila moja. Kisha za papo kwa papo, ambapo mwanafunzi huchota karatasi kikapuni, akaisoma na kunena kwa dakika moja. Mtunza muda ainue kadi ya kijani muda wa kutosha ukishapita, ya njano ukikaribia kwisha, na nyekundu ukitimia.

Mwanachama mpya asipewe mada kubwa. Msichana ambaye mama yake huuza dagaa na aeleze wanavyoanikwa: hutandazwa wapi, hugeuzwa lini, na mvua ikitokea ghafla hufanywa nini. Hana haja ya kukariri, kwa kuwa mikono yake yaijua kazi; ataanza kwa sauti ya chini, na afikapo kwenye mvua atajikuta ameinua mkono kuonyesha upande lilikotokea wingu. Siku hiyo amekwisha kuhutubu, pengine bila kujijua.

Baadaye ndipo ije midahalo. Hoja ya kwamba elimu ni bora kuliko mali imekwisha kuchakaa. Na tuwape vijana hoja inayoingia majumbani mwao. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, na ziwa hilo ni la nchi nne. Je, ni haki lifungwe miezi mitatu kila mwaka? Pande zipangwe kwa kura, ili mtoto wa mvuvi aliyeona taabu ya miezi ile apate kutetea kufungwa, na mwenzake aliye mbali na nyavu atetee chakula cha siku. Huko kuichukua hoja usiyoipenda na kuitendea insafu ni elimu ambayo haipatikani kwa kukariri.

Lugha ianze kuwa Kiswahili, maana mtu hujifunza kwanza ujasiri katika lugha anayoimiliki. Muhula wa pili Kiingereza kipewe mkutano mmoja katika kila miwili, na asichekwe mtu kwa kukosea.

Na kiini cha klabu ni nasaha. Atoaye nasaha lazima awe amesikiliza tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ili ataje jema moja lililofanyika na moja la kurekebishwa, kwa adabu na kwa ushahidi. Kwa hiyo katika saa hiyo moja kila mwanafunzi hunena dakika chache na husikiliza zilizobaki, na hivyo ndivyo inavyopasa, kwa kuwa mahatibu hodari hutoka miongoni mwa wasikilizaji hodari.

Wakuu wa shule na watoe chumba. Wazazi wawaruhusu watoto, na hasa mabinti, kuchelewa kazi za nyumbani saa moja kwa juma. Ziwa litakapofungwa tena, watu watakutana mialoni kushauriana, na watakaofaa siku hiyo ni wale wawezao kuieleza rai ya upande wa pili kabla ya kuijibu. Na tuanze kuwaandaa muhula huu.